Nilimnyima Radhi Mkaguzi wa Kreni

Aliyemuua yule dada mpishi kule baharini si mjukuu wangu. Ni mimi. Siku hiyo nilikuwa jikoni kwangu, huku juu upande wa Magamba, simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Bahari yenyewe nimeiona mara moja tu, Tanga, nikalowesha miguu nikarudi. Lakini ni mimi.

Nasema hivi kwa sababu kijijini wanasema mengine, na mimi nimewaacha waseme. Nimenyamaza kama mtu asiyejua kitu. Sasa sitaki tena.

Mjukuu wangu nimemlea mwenyewe. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alifariki mtoto angali ananyonya. Nikamkuza kwa uji na maziwa ya mbuzi, nikambeba mgongoni huku kabichi ziko kichwani, tunashuka nazo sokoni Lushoto, tunapanda tena. Jina lake ni langu mimi, ndiyo maana silitaji hapa. Mimi namwita somo, yeye ananiita Bibi.

Alikuwa na akili mpaka walimu wakawa wanakuja nyumbani kunipongeza, kana kwamba ni mimi niliyefanya mtihani. Akasoma uhandisi Dar es Salaam. Akaajiriwa kwenye ofisi ya serikali inayokagua usalama wa mitambo ya gesi iliyoko baharini, kule kusini. Mtambo wenyewe alinionyesha kwenye simu: ni kama meza kubwa ya chuma, miguu imezama majini, juu yake watu wanaishi, wanapika, wanalala, wanafanya kazi usiku na mchana. Yeye anapelekwa na helikopta, anavaa kofia ngumu, anapita kila mahali anagonga, anapima, anauliza. Akiona kitu cha hatari ana uwezo wa kusema simamisheni, na wanaume wote wakasimama, hata wazungu.

Nilijivuna jamani. Ukija kwenye meza yangu sokoni kununua peasi, kabla hujauliza bei nimeshakwambia mjukuu wangu anapanda helikopta. Kuna mama muuza karoti alikuwa akiniona tu anasema, "Haya, leo imetua wapi?" Wenzake wanacheka. Mimi wala sikujali, nilikuwa namjibu imetua mahali ambapo karoti zako hazifiki.

Sasa kuna mwenzangu mmoja, nitamwita Mama Shabani. Tumeolewa mtaa mmoja, tumelima pamoja, tumezika pamoja. Mwaka nilioanguka nikavunjika nyonga, nikalazwa Bumbuli, ni yeye aliyelala chini kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Alinifuta mavi, nisiseme maneno ya kuficha. Alinifuta mavi na alinilisha, na hakuna siku aliyonikumbusha.

Mwanawe Shabani naye alikuwa kwenye mtambo huohuo wa gesi. Alianza zamani kama kibarua, akapanda mpaka akawa msimamizi wa kreni, ile winchi kubwa inayonyanyua mizigo kutoka kwenye boti mpaka juu. Alipojua kwamba mkaguzi mpya ni somo yangu, alifurahi. Mimi ndiye niliyefurahi zaidi. Sisi watu wa milimani tukikutana huko tambarare tunashikana, kila mtu anajua. Nikampigia somo simu nikamwambia, hapo kuna mgosi wetu, mwanaume wa kwetu milimani, mtoto wa Mama Shabani, huyo ni mjomba wako. Umheshimu.

Akamheshimu. Kila akishuka kwenye helikopta alikuwa anamwamkia mbele ya vijana wake, "Shikamoo mjomba," naye anaitikia marahaba, ndipo ukaguzi uanze. Shabani alisimulia hilo alipokuja likizo, na mimi nikaona nimelea mtoto. Sikuona ubaya wowote wa mkaguzi kumpa shikamoo mtu anayemkagua. Leo nauona.

Siku moja somo alipanda kukagua kreni. Waya wake, ule mnene unaobeba ndoano, ulikuwa na nyuzi zilizokatika, na kwa ndani ulishaliwa na kutu. Shabani alijua. Waya mpya ulikuwa umeagizwa, umechelewa, na mabwana wakubwa wa mtambo hawapendi kusikia kazi imesimama, kwa hiyo kila alipoulizwa alikuwa anajibu waya uko salama. Alitumaini mpya utafika kabla mtu hajachungulia.

Somo akamwambia anaifunga kreni hapohapo. Shabani akamwomba ampe muda mpaka boti ilete waya mpya, kwa maana kreni ikifungwa itajulikana kwamba alikuwa anadanganya, na kazi itakwisha. Somo akakataa. Akamwambia, mjomba nisamehe, siwezi.

Shabani akampigia mama yake.

Mama Shabani alinikuta mchana, nimebandika makande. Alikaa kwenye kigoda, akavuta ungo wa maharage niliyokuwa nachambua ya kesho, akaanza kuchambua na yeye. Machozi yanadondokea maharage. Nikamuuliza kuna msiba? Akasema, "Bora ungekuwa msiba, ningejua pa kulia. Mjukuu wako anamfukuzisha kazi mwanangu."

Akanieleza kama alivyoelezwa na mwanawe. Alivyoelezwa, waya ulikuwa umechakaa kidogo tu, na somo alikuwa anataka kuwaonyesha wazungu kwamba yeye ni mkali. Mimi sikuuliza la pili. Nikachukua simu nikapiga.

Ilipokelewa nikasikia upepo mkali, na sauti yake ndani ya upepo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Cheo kimekupanda kichwani mpaka humwoni mjomba wako?"

Akasema, "Bibi, ni kreni. Waya umeoza kwa ndani."

"Umeoza. Umekatika?"

"Haujakatika."

"Basi."

"Bibi, mimi nimeletwa huku ili usikatike."

Hapo ningekuwa mtu mwenye akili ningenyamaza. Lakini Mama Shabani alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuambiwa na soko zima kwamba mjukuu wangu ni mkubwa. Nilitaka ionekane kwamba juu ya huyo mkubwa nipo mimi. Nikamwambia kamba yangu ya kuanikia nguo imechakaa tangu yeye mtoto na mpaka leo naanikia.

Akanijibu taratibu, "Kwenye kamba ya nguo hapandi mtu, Bibi."

Nikakasirika. Nikamkumbusha Bumbuli. Nikamwambia huyu anayelia hapa mbele yangu ndiye aliyenifuta mavi wewe ukiwa kwenye mitihani yako, leo unamlipa hivi? Akaanza kusema Bibi naomba unisikilize. Sikumsikiliza. Nikasema neno ambalo mpaka nakufa nitalisikia masikioni:

"Ukiifunga hiyo kreni sina radhi nawe. Na siku nikifa, usije ukashika udongo wa kaburi langu."

Ninyi mliolelewa kama sisi mnajua uzito wa neno hilo. Mtoto aliyenyimwa radhi na aliyemlea anatembea kama mtu asiye na kwao. Akijikwaa ni radhi, akiugua ni radhi, mimba ikiharibika ni radhi. Na yeye mama hana, baba alishaoa mbali. Alikuwa na mimi tu. Mimi nilijua hivyo, ndiyo maana nililitumia.

Upepo ukavuma kwenye simu. Kisha akasema, "Sawa, Bibi." Akakata.

Mama Shabani aliniinamia akanishika magoti, na mimi nikajiona chifu.

Somo hakuifunga kreni. Baadaye nilijua alivyofanya. Alimwita Shabani pembeni, akamwambia mpaka waya mpya ufike, kreni hii ibebe mizigo midogo peke yake, mtu asipandishwe wala kushushwa nayo. Maana kule kuna kapu la kamba na vyuma, watu wanasimama humo wameshikilia, kreni inawanyanyua kutoka juu ya mtambo inawatua kwenye boti iliyo chini. Shabani akaapa kwa jina la mama yake kwamba kapu halitaguswa. Yakawa ya mdomo tu, kati ya mtu na mjomba wake. Wengine pale mtamboni hawakuambiwa. Helikopta ikamchukua somo.

Mama Shabani aliniletea jogoo, nikamchinja tukala. Na kwenye shughuli ya akina mama wiki ile nilitamba. Nikasema hata serikali ikipanda helikopta, mimi nikipiga simu inashuka. Walicheka mpaka wakapaliwa. Mnaona mdomo wangu?

Halafu bahari ikachafuka. Kulikuwa na wafanyakazi waliomaliza zamu wanarudi nchi kavu, boti ikashindwa kusogea kwenye ngazi kwa mawimbi. Bwana mkubwa wa zamu akasema watashushwa na kapu. Shabani alikuwepo. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kinywani mwake, kwamba waya huu haufai. Lakini akisema hivyo ataulizwa ulijua tangu lini, na mbona ulisema uko salama. Akanyamaza. Akapanda kwenye kiti chake akaiendesha mwenyewe, polepole, anamwomba Mungu.

Kapu la kwanza lilifika. La pili lilipokuwa juu ya boti, waya ukakatika.

Vijana wawili waliumia, mmoja mgongo, mpaka leo hatembei. Dada mpishi aliangukia chuma cha boti na hakuamka. Alikuwa mtu wa Newala, anarudi kwao likizo, ana mtoto mdogo aliyemwacha kwa mama yake. Somo alimjua. Alikuwa ananihadithia habari zake kabla ya haya yote: kuna dada mmoja kule jikoni, Bibi, nikifika nimevurugwa na bahari ananipikia chai ya tangawizi, ananiambia mkaguzi kunywa, usije ukatapikia karatasi zako. Nilikuwa nacheka. Nilisema mwambie nitamtumia plamsi, matunda ya huku kwetu.

Siku ile somo aliponipigia hakuniamkia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajue kusema. Alisema, "Bibi, waya umekatika."

Nikadhani anazungumzia simu. Nikamwambia mbona nakusikia vizuri. Ndipo akaniambia.

Nilikaa chini shambani, katikati ya viazi. Sikulia. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, na kila niliyemfikiria, njia ilikuwa inapita kwangu kwanza.

Uchunguzi ukaanza. Shabani akaachishwa kazi, kesi yake bado. Somo akasimamishwa. Wakamuuliza, wewe uliuona waya ule, ulikuwa na uwezo wa kuifunga kreni, kwa nini hukuifunga? Akajibu, "Niliamua vibaya." Wakamuuliza kama alipewa kitu. Akasema hapana. Wakamuuliza kama kuna mtu alimshurutisha. Akasema hapana. Mimi hakunitaja. Haya nimeyasikia kwa mfanyakazi mwenzake, yeye mwenyewe hajanieleza.

Huku milimani habari zilifika zimeshavaa nguo nyingine. Kwamba mjukuu wa fulani alihongwa na kampuni. Kwamba alifumba macho kwa pesa. Yule mama wa karoti hakunitania tena, na hilo liliniuma kuliko utani wake. Wengine wakawa wanalitaja jina letu kwa sauti ya chini nikipita.

Nilikuwa na mdomo wa kutamba, wa kusema kweli sikuwa nao. Na kuna siku nilifanya baya kuliko kunyamaza. Mteja mmoja, mwanamke mzima wa heshima zake, aliniambia, "Pole mama, watoto mnawasomesha wanakuja kuwaaibisha." Nikajibu, "Mjini kunaharibu watoto." Nilisema hivyo! Mtoto niliyemharibu kwa mdomo wangu mwenyewe, lawama nikausukumia mji wa watu. Nilifunga meza nikarudi nyumbani, peasi nikaziacha kwa jirani auze.

Nikaenda kwa Mama Shabani. Tangu ajali alikuwa haji kwangu wala mimi kwake. Nilitaka tugawane mzigo, niseme ukweli. Nilimwambia sisi wawili ndio tuliofanya haya. Hakukasirika. Akasema, "Mimi nilikuja kwako kulia, mwenzangu. Kulia ningeweza kulia hata kwa mwingine. Simu ulipiga wewe."

Ni kweli. Niliondoka. Yeye ni mama, alimlilia mwanawe kama mama yeyote, ingawa mwanawe alikuwa na makosa. Aliyeambiwa waya umeoza kwa ndani ni mimi. Mama Shabani aliambiwa umechakaa kidogo. Mimi nilipewa ukweli wote na mtu anayeujua, nikaufunika kwa radhi.

Nikaona nijitaje mwenyewe. Kwa kupitia yule mwenzake somo nikapata kuzungumza kwa simu na bwana mmoja wa uchunguzi. Mtu mwenye adabu, aliniamkia vizuri. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwa na nafasi gani kwenye mtambo ule?"

Nikamwambia, "Nafasi ya bibi yake."

Akasema, "Nakuelewa, mama. Na mimi nina bibi. Lakini mkaguzi akishaona hatari, uamuzi ni wake. Sheria haiwezi kumwita bibi."

Nikamuuliza, kwa hiyo mimi sina kosa? Akasema kwa kazi yetu sisi, hapana. Akaniaga kwa heshima.

Ndugu yangu unayesoma, nilitamani anitukane. Nimekaa nikifikiria mitambo yote hiyo, kofia ngumu, helikopta, vipimo, watu waliosomea kuona ufa usioonekana kwa macho, na vyote vilishindwa na mwanamke wa darasa la nne aliyekuwa anakoroga makande. Na hakuna mahali pa kuniandika. Ndiyo maana nimejiandika hapa.

Nilimpigia somo. Yuko Mtwara, amepanga chumba, hataki kupanda huku. Nikamwambia radhi zangu unazo zote, sikukunyima kitu, lile neno nalitema. Nikamwambia nimewapigia wachunguzi, na nitasema sokoni, kila meza, kwamba hukuhongwa. Nilimwomba msamaha. Mimi sikuwahi kumwomba mtoto msamaha maishani mwangu, hata maneno yenyewe sikujua yanaanzia wapi.

Halafu akasema, "Siku ile ningekukatalia, Bibi, ungekuwa umenikasirikia mpaka leo. Nami ningekuwa nalia mpaka leo. Na yule dada angekuwa amefika kwao."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sokoni nimeshasema. Nilianza na mama wa karoti, nikamwambia mbele ya wateja wake. Wengine wameniamini, wengine wanasema bibi anamfunika mjukuu wake. Sawa, waseme. Nitarudia kesho.

Lakini ninyi wenzangu mliolea, nisikilizeni. Ukibahatika mtoto wako akawa ndiye anayekagua, iwe magari, iwe majengo, iwe dawa, iwe hayo mavyuma ya baharini, siku atakapokataa jambo, mwache akatae. Usimpigie. Usimkumbushe nani ni mjomba, nani alikuuguza, nani wa kwetu. Na radhi usiiguse kabisa, maana hiyo hana namna ya kuipinga, na wewe unajua.

Mimi machozi ya Mama Shabani niliyaona kwa sababu alikaa karibu nami. Mama wa yule mpishi alikuwa Newala, huenda siku hiyo na yeye alikuwa anapika, anamsubiri mwanawe. Sikumjua, kwa hiyo sikumwazia hata kidogo. Mtu akija kukulilia umwombee mwanawe kazi isisimame, kabla hujashika simu muulize jambo moja nililoshindwa kuuliza mimi: kwenye hilo kapu atapanda mtoto wa nani?